Kufunga kwa Ajili ya Mizani



Limeingia kati yetu neno ambalo wazee wetu hawakulijua kwa maana hii, nalo ni "kufunga kwa vipindi". Kufunga kwenyewe si jambo geni. Sisi hufunga wakati wa Kwaresima, jirani zetu Waislamu hufunga mwezi wa Ramadhani, na hospitalini huambiwa tufunge tangu usiku kama kesho yake tunapimwa damu au kupasuliwa. Lakini kufunga huku kwa siku hizi ni kwa ajili ya mizani. Mtu hufunga ili apungue. Hukaa saa 16 bila kula, akala katika saa 8 zilizobaki, tuseme tangu saa 6 mchana hadi saa 2 usiku. Au hula kama kawaida siku tano za juma, na siku mbili akala kidogo sana, kalori 500 kwa mwanamke na 600 kwa mwanamume. Wengine hula leo, kesho wakapunguza mpaka kubaki karibu na bure, kesho kutwa wakala tena.

Jambo hili twalisikia katika chai ya baada ya ibada, sahani ya maandazi ikipitishwa bila kuguswa. Twalisikia katika mikutano ya akina mama, na vijana wanalo katika simu zao. Hata Kwaresima wengine wameanza kuifunga kwa hesabu hiyo hiyo, wakipanda mizani Jumatano ya Majivu na kuipanda tena Jumamosi Kuu. Basi yafaa tulitazame, tena bila dhihaka, maana wengi wanaolifuata ni watu wa nia njema.

Tuanze kwa haki. Mwili mzito kupita kiasi ni mzigo wa kweli. Utafiti wa afya wa taifa la Tanzania wa 2015–16 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi. Nyuma ya uzito huja kisukari, shinikizo la damu, na magoti yanayouma wakati wa kupiga magoti. Aliyeutangaza sana mfungo wa siku mbili kwa juma, marehemu Michael Mosley wa Uingereza, alikuwa mtu aliyesomea udaktari, naye aliujaribu baada ya kuambiwa kwamba ana kisukari. Kipindi chake cha televisheni cha mwaka 2012, na kitabu kilichofuata mwaka 2013, viliwafikia watu wengi sana. Mtu anayetaka kupunguza mwili kwa sababu ya namna hiyo hatustahili kumnyoshea kidole.

Lakini je, mfungo huu wafanya hayo yasemwayo? Hapa wataalamu wamepima, na majibu yao ni ya kiasi kuliko sifa tunazozisikia. Huko San Francisco watu 116 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja liliambiwa lile kati ya saa 6 mchana na saa 2 usiku tu. Jingine lile milo mitatu kwa nyakati za kawaida. Baada ya majuma 12, kama ilivyotangazwa mwaka 2020, waliofunga walikuwa wamepungua chini ya kilo moja, na wale wengine karibu vivyo hivyo. Tofauti ilikuwa ndogo mno hata haikuhesabiwa kuwa tofauti. Huko Guangzhou, Uchina, watu 139 wenye unene mkubwa walipunguziwa chakula kwa mwaka mzima, wote kwa kiasi kimoja, ila nusu yao waliruhusiwa kula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Majibu yalitoka mwaka 2022: waliofuata saa walipungua wastani wa kilo 8, wasiofuata saa kilo 6.3, na watafiti hawakuona katika hesabu zao sababu ya kutosha ya kusema kwamba saa ndizo zilizoleta tofauti. Kilichowapunguza watu hao ni kula kidogo. Siri haikuwa katika saa.

Tena lipo jambo la San Francisco linalopaswa kuwafikirisha hasa wazee wetu. Baadhi ya wale waliofunga walipimwa kwa mashine ili ijulikane walichopoteza ni nini, na karibu theluthi mbili ya uzito uliowatoka haikuwa mafuta. Ilikuwa misuli na nyama nyingine za mwili. Kwa kijana hilo laweza kupita bila kuonekana. Kwa mama wa miaka 65 anayebeba ndoo ya maji, misuli ndiyo inayomwinua kitandani na kumzuia asianguke bafuni. Mizani haijui kutofautisha. Husema tu "umepungua", na mwenye kupungua hufurahi.

Halafu kuna wanaoshindwa njiani. Huko Chicago watu 100 walifuatwa kwa mwaka mmoja, na majibu kutangazwa mwaka 2017. Katika wale waliofunga siku moja na kula siku moja, 38 kwa kila 100 waliacha kabla ya mwisho. Katika wale waliopunguza chakula kidogo kidogo kila siku, walioacha walikuwa 29. Nani atashangaa?

Wapo pia wanaotuambia kwamba mwili ukifunga hujila uchafu wake na kujisafisha, na kwamba mwanasayansi mmoja wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel kwa kuligundua hilo. Ni kweli kwamba Yoshinori Ohsumi alipewa tuzo hiyo mwaka 2016 kwa kuonyesha jinsi chembe hai zinavyovunja na kutumia tena sehemu zake zilizochakaa. Lakini kazi yake kubwa aliifanya kwa kuchunguza hamira, ile ile tunayoitia katika unga wa maandazi. Kutoka katika hamira hadi kwa Mama fulani aliyeacha uji wake wa asubuhi ni safari ndefu, na wanaoifupisha wana kitu cha kuuza.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe, maana hapa si suala la kilo moja au mbili. Katika kusanyiko letu wako wengi wenye kisukari, na baadhi yao hutumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi. Dawa hizo hazijui kwamba leo umeamua kutokula. Hushusha sukari kama kawaida, na kama tumboni hamna kitu, mtu hutokwa na jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa kama mlevi, na huweza kuzimia. Mwaka 2001 ulifanywa utafiti katika nchi 13 kwa Waislamu zaidi ya 12,000 wenye kisukari. Ilionekana kwamba katika mwezi wa Ramadhani kushuka sana kwa sukari kuliongezeka zaidi ya mara saba kwa wenye kisukari cha ukubwani, kuliko katika miezi mingine. Na hao ni watu ambao dini yao, katika Kurani yenyewe, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Kanisa nalo limewaachilia siku zote wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wazee dhaifu. Mfungo wa mizani hauna padri wala shehe wa kumwambia mtu, "Wewe kula." Una saa ya ukutani tu.

Yako na mengine. Wanaokaa muda mrefu bila kula mara kwa mara, wakapungua haraka, huweza kupata vijiwe vya nyongo. Dawa nyingi za maumivu ya viungo hukwaruza tumbo tupu. Na ile dawa mseto ya malaria tunayoijua sote, ALu, hutakiwa kumezwa mara mbili kwa siku pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, la sivyo mwili hauichukui ipasavyo. Mtu mwenye malaria anayengoja saa 6 mchana ili asivunje hesabu yake anajidhuru kwa ajili ya namba.

Hata hivyo, hasara inayotupa mashaka zaidi haiko tumboni. Mwaka 1944 na 1945 vijana 36 wa Marekani walijitolea kushindishwa njaa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ili waganga wajue namna ya kuwarudisha watu waliodhoofika kwa njaa ya vita. Walikuwa watu waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri, wengi wao wakitoka katika makanisa yanayokataa vita; kwa hiyo hawakuwa watu wa moyo mwepesi. Walipewa karibu nusu ya chakula chao kwa muda wa miezi sita. Njaa yao ilikuwa kubwa na ya mfululizo, si sawa na kuacha chai ya asubuhi, nasi hatutaki kuvifanya vitu hivi kuwa kimoja. Lakini yatufaa kujua yaliyowapata. Walianza kusoma vitabu vya mapishi kama watu wengine wasomavyo hadithi. Waliota chakula. Walilamba sahani. Walipunguza kucheka, wakajitenga na wenzao, na mambo makubwa yaliyowaleta pale yakafifia mbele ya viazi. Mtu aliyenyimwa chakula hukifikiria chakula.

Na huo, kwa kadiri ndogo, ndio mwendo tunaouona kwa baadhi ya wafungao kwa mizani. Waliahidiwa kuwekwa huru na chakula, nacho kimekuwa mazungumzo yao ya asubuhi, mchana na jioni. Je, chai ya rangi bila sukari huvunja mfungo? Je, limau katika maji? Je, kama nilikula saa 2 na dakika 20 usiku, nianze kuhesabu upya? Wazee wa kale walipigana na ulafi, nao walijua kwamba mlafi si yule tu anayekula sana, bali pia yule ambaye chakula kimemtawala mawazo, hata kama ni kidogo.

Linalotuumiza zaidi ni watoto wa kike. Msichana wa miaka 14 anamwona mama yake akikataa chakula kila asubuhi na kushika tumbo lake mbele ya kioo. Hakuna aliyemfundisha neno, lakini amefundishwa. Waganga wanaotibu vijana wenye ugonjwa wa kuchukia chakula hawashauri kabisa mfungo wa namna hii kwa mtu anayekua, wala kwa yeyote aliyewahi kuugua ugonjwa huo, maana kanuni ya saa humpa kijificho kizuri. Akiulizwa kwa nini hali, ana jibu lenye heshima: "Nimefunga."

Jibu hilo ndilo tunalotaka kukaa nalo kidogo. Katika lugha yetu, neno "nimefunga" lina uzito. Ukimkaribisha mtu chakula, naye akakataa, desturi yetu ni kumsihi, na akizidi kukataa twaona amekidharau chungu chetu. Lakini akisema "nimefunga", papo hapo twanyamaza. Twaondoa sahani, na pengine twamwomba atukumbuke katika sala. Heshima hiyo haikuokotwa barabarani. Imekusanywa na vizazi vya watu, Wakristo na Waislamu, waliovumilia kiu na njaa kwa ajili ya Mungu. Mtu anayelitumia neno hilo ili kuikwepa sahani ya wali kwa sababu ya kitambi hajasema uongo, maana kweli hajala. Lakini ametumia akiba ambayo hakuiweka yeye. Kwa nini asiseme tu, "Ninapunguza mwili, mama, nipakulie kidogo"? Mpishi ataelewa, na pengine atacheka. Hataondolewa mezani.

Maana meza ndiyo inayopotea. Nyumba zetu nyingi zina chungu kimoja na saa moja ya kula, nayo hutegemea moto, maji, na nani amerudi kazini. Baba akitangaza kwamba mlango wake wa kula hufungwa saa 2 usiku, na familia hula saa 3, basi ama mama apike mara mbili, ama baba aketi akiwatazama wengine, ama asiketi kabisa. Bibi aliyekuja kutoka kijijini na kuku wake atauliza, "Mjukuu wangu, unaumwa?" Na mjukuu akieleza habari za saa 16 na saa 8, bibi atasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha atauliza tena kama anaumwa. Katika msiba ni vivyo hivyo. Tunakula pamoja msibani si kwa sababu tuna njaa. Wafiwa hawawezi kumeza peke yao, na mkono wa mwenzao katika sinia huwasaidia kumeza. Hapo mwenye hesabu ya saa ataamua nini? Wengi, twashukuru, huiacha hesabu. Lakini tumesikia pia habari za walioiheshimu saa kuliko wafiwa.

Na kuna njaa nyingine ya saa 16 ambayo haina jina la kifahari. Sisi huiita kupiga pasi ndefu. Mlinzi wa usiku huipiga, kibarua wa ujenzi huipiga, na mwanafunzi anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni huipiga. Utafiti ule ule wa 2015–16 uliotuonyesha wanawake 28 kwa 100 wenye uzito uliozidi ulionyesha pia watoto 34 kwa kila 100 wa chini ya miaka mitano waliodumaa. Mwaka 2022 walikuwa wamebaki 30. Katika nchi moja, pengine katika mtaa mmoja, mtu mmoja hulala na njaa akaitwa mwenye nidhamu, na mwingine hulala na njaa asiitwe kitu. Tofauti yao ni kwamba mmoja ana ufunguo wa kabati. Hatusemi kwamba mwenye kisukari asipunguze mwili kwa kuwa mwingine hana unga. Hilo halitamshibisha yeyote. Twasema tu kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mfungo wa zamani ulikusudiwa, pamoja na mengine, kuondoa ujinga huo. Mfungo wa mizani huweza kumpitisha mtu katika saa zile zile za njaa bila kumjulisha chochote kuhusu jirani yake.

Hapa msomaji makini atatuuliza: je, mfungo wa Kanisa ni bora kiasi hicho? Swali ni la haki. Farisayo katika Luka 18 alifunga mara mbili kwa juma, sawasawa na mpango wa Mosley, naye alipata nini? Maneno makali ya Isaya 58 hayakuelekezwa kwa watu wa mizani. Yaliwaendea watu wa dini waliofunga vizuri sana huku wakiwaonea vibarua wao. Kitabu chetu cha Sala cha 1662 kiliweka kila Ijumaa ya mwaka kuwa siku ya kujinyima, isipokuwa ikiwa ni Siku ya Kuzaliwa kwa Bwana, na ni wangapi kati yetu huikumbuka Ijumaa hata kwa kuacha soda? Hatuna kiti cha juu cha kukalia tunapowahukumu wengine.

Lakini Kanisa linacho kipimo ambacho mizani haina. Katika kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma, kilichoandikwa Rumi katika karne ya pili, Herma aambiwa namna ya kufunga: ale mkate na maji tu, kisha apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekula siku ile, na gharama hiyo ampe mjane, au yatima, au mhitaji. Ona jinsi hesabu yenyewe ilivyo ya kawaida, kama ya mwenye duka. Chakula kilichoachwa hakikupotea hewani. Kilikuwa na mwenyewe. Njaa ya mmoja ikawa shibe ya mwingine, na mfungo usiofika kwa huyo wa pili ulikuwa haujakamilika.

Basi kwa anayetaka kupunguza mwili, na apunguze, wala tusimcheke. Sukari vijiko vitatu katika chai viwe kimoja, mafuta ya kukaangia yapungue, soda iwe ya sikukuu, na safari ya sokoni iwe ya miguu. Ale pamoja na watu wake, sahani ndogo. Mwenye dawa ya sukari, mjamzito, na anayenyonyesha asibadili saa za kula kabla hajaongea na muuguzi au daktari, hata wakati wa Kwaresima. Padri hatamwona amekosa imani.

Na kama yuko kati yetu anayeacha chai ya asubuhi kwa muda wa siku 40, kwa sababu yoyote ile, tunamwomba afanye hesabu ya Herma. Tuseme chai na maandazi mawili ni shilingi 1,000. Kwa siku 40 ni shilingi 40,000. Sanduku la maskini liko nyuma ya kanisa, upande wa kushoto wa mlango, na bei ya unga mwaijua.